UZI MAALUM: Skii krosi ya wanaume, kwa nini mwenye kasi kuliko wote siyo lazima abebe dhahabu

#1 Mpiga Mteremko

Wakuu, kila Olimpiki ya majira ya baridi ikifika jukwaa hujaa maswali yaleyale: wale jamaa wanne wanaoteremka bega kwa bega wanapangwaje, mbona huyu kafika wa kwanza halafu kawekwa wa mwisho, mbona yule alikuwa na muda bora asubuhi na jioni hayupo. Tufungue uzi mmoja, tuwe tunaelekezana hapa. Nitaanza na misingi, wenye madini waongeze, na anayepinga apinge kwa hoja.

Skii krosi ni mbio za kuteremka mlima kwenye njia moja iliyochongwa, watu wanne kwa mpigo. Olimpiki iliingia 2010 huko Vancouver, kwenye mlima wa Cypress. Ubingwa wa Dunia ulitangulia: ulianza 2005 Ruka, Finland, na Mcheki Tomas Kraus akachukua wa kwanza, kisha akarudia 2007 Madonna di Campiglio. Njia ina urefu wa kilomita moja hivi, na kutoka geti la juu hadi mstari wa mwisho unashuka kwa kimo cha kati ya mita 130 na 250. Kwa kawaida ni dakika moja na kitu, imekwisha.

Ndani ya hiyo dakika kuna matuta mfululizo (haya siyo ya barabarani, mengine yanamzidi mtu urefu), kuna virukio, na kuna kona zilizoinuliwa ukingo wa nje ili mtu azipige bila kupoteza mwendo.

Mashindano yana vipande viwili. Kwanza mbio za muda: kila mtu anashuka peke yake na anapewa nafasi kwa saa. Olimpiki wanaume ni 32, kwa hiyo mbio za muda hazimtoi mtu, zinapanga tu. Kisha mtoano: hatua ya kwanza hiti nane (hiti moja ni mbio moja ya watu wanne), robo fainali nne, nusu fainali mbili, mwisho fainali ndogo (ya nafasi ya tano hadi ya nane) na fainali kubwa (ya medali). Kila hiti wanapita wawili wa mbele. Ukishaingia mtoano, saa haina kazi tena. Hata ushuke kwa mwendo wa kobe, ukiwa wa pili umepita.

Mpangilio: hiti ya kwanza inakuwa na namba 1, 16, 17 na 32. Ya pili 8, 9, 24 na 25. Yaani aliyefanya vizuri asubuhi anapewa wapinzani walio nyuma yake, lakini zawadi kubwa zaidi ni nyingine: yeye ndiye anayechagua geti kwanza. Mwenye namba bora anavaa kizibao chekundu, anayefuata kijani, kisha bluu, wa mwisho njano. Ukiona njano anatoka geti la pembeni kabisa, hakulitaka, ndilo lililobaki.

Msimamo wangu, na huu ndio nautetea: hii mbio inaamuliwa kati ya geti na kona ya kwanza. Mengine yote, nta ya kupaka chini ya skii, suruali, mbio za muda, ni gharama ya kununua haki ya kuwa mbele pale.

#2 mgeni_njiani

Asante mkuu. Swali la mwanafunzi: kuchagua geti kuna faida gani wakati njia ni ileile na wote wanaanza mstari mmoja?

#3 Mpiga Mteremko

Mageti manne yamepangwa sambamba, lakini kona ya kwanza haiko katikati. Ikiwa inapinda kushoto, aliye geti la kushoto ana njia fupi, ila anaingia kona kwa pembe kali na anaweza kutoka amepunguza mwendo. Aliye kulia ana njia ndefu lakini anaingia kwa mduara mpana. Lipi bora? Inategemea umbali kutoka geti hadi kona na kilichopo katikati. Wakiwa na matuta mengi kabla ya kona, mtu huchagua mstari ambao matuta yake hayajachimbika. Njia ya theluji inachakaa: hiti nane zikipita, mstari mmoja unakuwa na mifereji na mwingine bado laini. Ndiyo maana utaona namba 1 anachagua geti moja asubuhi na geti jingine kwenye nusu fainali, na mtangazaji anashangaa.

Kuhusu lenyewe geti: ni kibao kinachofunguka kwa kuangukia mbele. Mwamuzi anawaambia wajiandae, anatoa ilani ya pili, kisha geti linaanguka ndani ya sekunde chache bila mpangilio ili mtu asikariri. Pembeni kuna mishikio miwili. Mtu anajivuta nyuma, mikono imenyooka, anangoja, likianguka anajirusha. Anayejirusha mapema anajigonga na kibao, na hapo amebaki.

#4 Mzee wa Hesabu

Mpiga Mteremko, nakuheshimu ila hapo umevuta kamba upande mmoja. Tuweke namba mezani.

Chukua mtu mwenye kilo 90 pamoja na vifaa, mteremko wa nyuzi 12. Uvutano unamsukuma mbele kwa niutoni (kipimo cha nguvu) 184 hivi. Msuguano wa skii na theluji, ukichukua kigezo 0.03, unamrudisha kwa 26. Akiwa amejikunja vizuri kwenye mwendo wa mita 20 kwa sekunde (kilomita 72 kwa saa), upepo unamrudisha kwa 60 hivi. Kinachobaki ni kama niutoni 98. Yaani theluthi ya nguvu yake ya kushuka inaliwa na upepo peke yake. Akisimama wima na kutanua mikono, hiyo 60 inaweza kuwa mara mbili.

Sasa aliye nyuma yake anajificha kwenye kivuli cha upepo. Tuchukulie tu, kwa hesabu ya mfano, anaokoa moja ya tano. Ni niutoni 12. Ndogo, siyo? Kwa sekunde tano za kunyooka inampa karibu mita 1.7. Huo ni karibu urefu wa skii moja. Kwa hiyo aliye mbele anampasulia mwenzake upepo bure, na kwenye kipande kirefu cha mwisho analipwa kwa kupitwa.

Ndiyo maana wazoefu hawaogopi kuwa wa pili. Wa pili anapita hatua inayofuata sawa na wa kwanza.

#5 Mpiga Mteremko

Hesabu yako siipingi, ila imalizie mzee wangu. Mtu akichelewa getini kwa sekunde 0.1, deni hilo linakua kadiri mwendo unavyokua. Wakifika kona ya kwanza kwa mita 8 kwa sekunde, pengo ni sentimita 80. Wakifika mita 20 kwa sekunde, pengo lilelile la muda limekuwa mita 2. Kwa hiyo hiyo 1.7 yako haijalipa hata deni la mwanzo.

Halafu sentimita 80 kwenye kona ya kwanza siyo kitu kidogo. Ni nyonga kuwa mbele ya nyonga. Aliyetanguliza nyonga ndiye mwenye mstari, mwingine inabidi apishe au agongane. Na akipisha anaangukia nyuma ya watu wawili, siyo mmoja.

Mfano: Vancouver 2010. Mswisi Michael Schmid alikuwa na muda bora kwenye mbio za muda, akachagua geti anavyotaka siku nzima, akaongoza, akabeba dhahabu. Andreas Matt wa Austria fedha, Audun Grønvold wa Norway shaba.

#6 Mzee wa Hesabu

Na kwenye fainali hiyohiyo Chris Del Bosco wa Kanada alikuwa wa tatu, shaba ipo mkononi, akatafuta nafasi ya kupita karibu na mwisho, akaanguka. Grønvold akaiokota. Somo langu ni kwamba watu hupitana hadi mita za mwisho. Mwaka uliofuata, Deer Valley, Del Bosco ndiye akawa bingwa wa dunia kwa ujasiri uleule, kwa hiyo usimcheke.

#7 Sauti ya Kipenga

Mnaongelea kupitana kana kwamba ni barabara ya lami. Wacha niweke kanuni maana ndipo wengi wanapopotea.

Aliye mbele ana haki ya kuchagua mstari wake. Hana haki ya kuyumba makusudi ili kuziba. Anayetaka kupita ndiye mwenye jukumu la kupita bila kugusa. Kugusana kwa bahati mbaya kunavumiliwa, wanne kwenye njia yenye upana wa mita chache lazima waguse viwiko. Kusukuma, kuvuta, kumfungia mtu njia kwa makusudi, hapo majaji wanarudi kwenye video. Wana kamera njia nzima.

Adhabu: kadi ya njano ni onyo, na mara nyingi inakuja na kuwekwa wa mwisho kwenye hiti yako. Yaani umevuka wa pili, unasomwa wa nne, aliyekuwa wa tatu anapita. Njano ya pili kwenye shindano hilohilo inakuwa nyekundu, umefutwa. Ndiyo hiyo "mbona kafika wa kwanza halafu hayupo" ambayo watu wanauliza.

Kesi iliyochukua muda mrefu ilikuwa ya wanawake, Beijing 2022, ila kanuni ni zilezile. Mswisi Fanny Smith alivuka wa tatu kwenye fainali, akapewa njano kwa kugusana, shaba ikaenda kwa Mjerumani Daniela Maier. Wasimamizi wa rufaa wa shirikisho la kimataifa, FIS, wakamrudishia Smith. Suala likafika Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, na Desemba 2022 pande zote zikakubaliana wawili hao washike shaba wote. Miezi kumi kujadili mguu mmoja uliotanuka.

#8 BintiKilifi

Nauliza tu, kuna Mwafrika Mashariki amewahi kushuka kwenye hii kitu?

#9 Sauti ya Kipenga

Dada, kwenye skii krosi ya Olimpiki hapana. Ila jina lako limenifurahisha, maana Sabrina Simader aliyeiwakilisha Kenya PyeongChang 2018 alizaliwa hukohuko Kilifi na kukulia Austria. Yeye ni wa skii za alpaini, wanashuka mmoja mmoja kwa saa. Na wengi wa skii krosi walitokea alpaini: Grønvold alikuwa wa alpaini kabla ya kuhamia, na Andreas Matt ni ndugu wa Mario Matt aliyeshinda slalomu (mbio za alpaini za kupinda kati ya nguzo) Olimpiki ya Sochi 2014.

#10 Tupa na Pasi

Naona mmefika kanuni na hesabu, hakuna aliyegusa skii zenyewe. Niongeze upande wa karakana, maana hiyo 0.03 ya Mzee wa Hesabu haishuki kutoka mbinguni, inatengenezwa usiku.

Skii za wanaume ni ndugu wa zile za slalomu kubwa: ndefu, ngumu, zenye mduara mpana wa kona. Chini ni plastiki ya polithini yenye vijifereji vidogo vilivyochongwa kwa mashine ya jiwe. Vijifereji hivyo vinakata utando wa maji unaotokea skii inapoteleza. Theluji ya baridi kavu inataka vifereji vyembamba. Theluji ya maji inataka vipana, la sivyo skii inanyonya kama kikombe kilichonata kwenye meza yenye maji.

Makali. Pembeni watu wengi wanachonga nyuzi 87 au 88. Upande wa chini wanalegeza kati ya nusu nyuzi na nyuzi moja. Kwenye skii krosi wengi wanaelekea huko kwenye moja, na sababu ni virukio: ukitua skii ikiwa imeinama kidogo na makali ya chini hayajalegezwa, inang'ata theluji na kukurusha pembeni. Mchakato: unabana skii, unapitisha kwanza jiwe la almasi kuondoa vijinundu vya chuma vilivyotokea makali yalipogonga mawe au makali ya mwenzako (hivyo vimekuwa vigumu, ukianza na tupa unaiua tupa), kisha tupa yenye kishikio cha pembe, kutoka kichwa kwenda mkia, mkono mwepesi, halafu almasi tena kung'arisha. Sentimita chache za mwanzo pale kichwani zinafutwa ukali kwa jiwe laini la mpira. Kichwa chenye wembe ndicho kinachonasa kwenye mifereji ya kona.

Nta sasa. Brashi ya shaba, kusafisha. Unadondosha nta, unapitisha pasi. Joto linaandikwa kwenye pakiti, kwa kawaida kati ya 120 na 150. Nta ngumu ya baridi inataka juu. Pasi haisimami. Ikisimama sekunde mbili tatu umeichoma polithini, inaziba vinyweleo na nta haiingii tena, dawa yake ni kurudisha skii kwenye mashine ya jiwe. Ukimaliza unaacha ipoe nusu saa au zaidi. Hapa ndipo haraka inaponza watu: ukikwangua ikiwa vuguvugu unatoa nta iliyokuwa ndani pamoja na ya juu. Ikishapoa, kwangua na kibao cha plastiki hadi kisitoke kitu, kisha brashi ya shaba, kisha ya nailoni. Nta inayofanya kazi ni ile iliyoingia ndani, ya juu ni breki.

Na tofauti na mbio za mmoja mmoja: anayefika fainali ameshuka mara nne ndani ya muda mfupi. Nta ya hiti ya kwanza haipo tena kwenye nusu fainali, hasa pembeni karibu na makali. Ukiona chini pameanza kuwa peupe na pakavu kando ya makali, skii imekufa njaa. Fundi kule chini anapiga nta ya kusugua na kizibo na brashi haraka, au anakabidhi jozi ya pili aliyoiandaa usiku. Beijing 2022 hilo lilikuwa tatizo la kila siku: theluji ya Genting, mlima wa mbio hizo, ilikuwa ya mashine, baridi kali, kavu, punje zake kama msasa.

#11 mgeni_njiani

Mkuu Tupa na Pasi, mimi nilisikia kuna nta imepigwa marufuku. Ilikuwa inaongeza kasi?

#12 Tupa na Pasi

Ni yenye floraini. Ilikuwa inafukuza maji kuliko kitu chochote, hasa theluji ya unyevu. Tatizo ni sumu: haivunjiki kwenye mazingira, na mafundi walikuwa wanavuta moshi wake kutoka kwenye pasi. FIS waliipiga marufuku kabisa kuanzia msimu wa 2023/24 na wanapima skii kwa kifaa cha miale ya infraredi pale pale. Oktoba 2023 Sölden, upande wa alpaini, Mnorwei Ragnhild Mowinckel akafutwa matokeo kwa sababu kipimo kilikataa. Tangu hapo karakana nyingi zilitupa brashi za zamani zote na kununua mpya, maana brashi moja iliyopita kwenye nta ya zamani inatosha kuchafua jozi nzima.

#13 Kifaru_79

Na ile habari ya suruali za Wafaransa? Au ilikuwa maneno ya wakosaji?

#14 Sauti ya Kipenga

Sochi, Februari 2014. Ufaransa wakabeba zote tatu: Jean-Frédéric Chapuis, Arnaud Bovolenta, Jonathan Midol. Chapuis alikuwa tayari bingwa wa dunia kutoka Voss 2013, kwa hiyo hakuibuka kutoka mchangani.

Kanada na Slovenia wakalalamika kwamba wasaidizi wa Wafaransa walitengeneza sehemu ya chini ya suruali pale getini ili iwe na umbo la kupasua upepo. Kumbuka kanuni ya mavazi: hii siyo alpaini, nguo ya kubana mwili hairuhusiwi. Inatakiwa vipande viwili, juu na suruali, na kitambaa kiwe na ulegevu. Ukikivuta mbali na mguu, kuanzia katikati ya paja hadi juu ya buti, kiache angalau milimita 80 kuzunguka kote. Mkononi ni 60. Zipu za kubania, gundi, utepe wa kukaza, vyote marufuku. Chini ya nguo kinga ya mgongo, kichwani helmeti.

Kwa nini wanalazimisha suruali pana? Kwanza, kila mtu apate upepo sawa, wasishindane kwa maabara za vitambaa. Pili, ni utambulisho tu, wanataka ionekane ni mchezo wa vijana wa mtindo huru. Hiyo ya pili mimi naiona ni biashara, ila imekaa.

Rufaa ilikufa kwa sababu ya saa. Pingamizi linatakiwa lifike kwa majaji ndani ya dakika 15 baada ya mbio kuisha, na lilikuja baadaye. Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ikaitupa. Matokeo yakabaki.

#15 Mzee wa Hesabu

Na kwa hesabu ya post yangu ya juu mnaona kwa nini waligombana hivyo. Theluthi ya nguvu iko kwenye upepo. Suruali inayopiga makofi kwenye ndama za miguu inakula.

#16 Mpiga Mteremko

Nimesahau kitu kikubwa: matuta na virukio, namna ya kuvipiga. Mtu anayeangalia mara ya kwanza anadhani anayeruka mbali ndiye bora. Ni kinyume.

Tuta: ukipanda uso wake unakunja magoti yaje kifuani, kichwa kibaki kimo kilekile. Ukivuka kilele unanyoosha miguu na kusukuma mgongo wa tuta unaoshuka. Huko kusukuma ndiko kunakotoa mwendo, wenyewe wanasema wanapampu. Ukichelewa kwa nusu hatua unasukuma uso unaopanda, na tuta linakurudisha nyuma kama umejigonga na ukuta. Baada ya geti mara nyingi kuna tuta kubwa lenye kilele kikali linaloitwa wu-tang. Hapo mikono na fimbo zinamaliza kazi na miguu inaanza.

Kirukio: shabaha ni kutua kwenye mteremko wa upande wa pili, mapema iwezekanavyo. Ukiruka juu mno unapita mteremko na kutua kwenye sakafu. Magoti yanapokea uzito wote, mwili unafunguka, mikono inatanuka, na upepo wa Mzee wa Hesabu unakudaka. Kwa mita 20 kwa sekunde, nusu sekunde hewani ni mita 10 ambazo huwezi kusukuma chochote wala kugeuka. Mzoefu anakunja miguu kabla ya ukingo wa kirukio ili kisimrushe.

Na kama hewani mwenzako yuko pembeni yako, mnatua mahali pamoja. Hapo ndipo ajali nyingi.

#17 Kifaru_79

Kuna mtu alifariki si ndiyo?

#18 Sauti ya Kipenga

Ndiyo. Nik Zoričić wa Kanada, Machi 10, 2012, Kombe la Dunia, Grindelwald. Kirukio cha mwisho kabla ya mstari, akatua nje ya njia, akagonga nyavu za usalama. Tangu hapo eneo la mwisho linaangaliwa kwa jicho kali: kirukio cha mwisho kinatakiwa kiwe mbali na mstari, sehemu ya kutua iwe pana kuliko njia, na nyavu zisisogee karibu. Waandaaji wanapopunguza kimo cha kirukio asubuhi ya mbio msiwaite waoga. Upepo wa nyuma ukiongezeka kidogo, au theluji ikigandishwa na baridi ya usiku, kirukio kilekile cha jana kinarusha watu mita kadhaa zaidi.

Del Bosco niliyemwona hapo juu kwenye post ya Mzee, PyeongChang 2018 aliruka vibaya kwenye hiti ya mwanzo, akatua kwa ubavu, nyonga ikavunjika.

#19 Tupa na Pasi

Na joto je? Sochi waliwahi kumwaga chumvi kwenye njia. Anayetengeneza aiskrimu ya mkono kwa ndoo ya barafu anaijua hii: chumvi inayeyusha barafu ya juu, kuyeyuka kunanyonya joto la jirani, jirani anaganda. Njia inakuwa ngumu kwa muda. Inafanya kazi theluji ikiwa na maji tu. Kwenye theluji kavu ni kupoteza chumvi. Na ikishapigwa mara nyingi, chini panaoza, huna cha kugandisha. Kwa fundi chumvi maana yake ni makali yakaguliwe kila baada ya hiti, na skii zikaushwe, la sivyo kesho yana kutu.

#20 mgeni_njiani

Sawa, PyeongChang na Beijing nani walishinda, na nani aliongoza tangu mwanzo? Nataka kuona Mpiga Mteremko na Mzee nani ana haki.

#21 Mzee wa Hesabu

PyeongChang 2018: Brady Leman wa Kanada dhahabu, Marc Bischofberger wa Uswisi fedha, Sergey Ridzik shaba. Leman alikuwa wa nne Sochi. Kwenye fainali Ridzik na Kevin Drury waligongana, Drury akabaki wa nne. Beijing 2022: Ryan Regez dhahabu, Alex Fiva fedha, wote Waswisi, Ridzik tena shaba. Fiva alikuwa na miaka 36 na ubingwa wa dunia wa Idre Fjäll 2021 mfukoni.

Nitampa Mpiga Mteremko haki yake: fainali zinamfaa aliye mbele, kwa sababu wa nyuma wanagombana wenyewe. Robo na nusu zinanifaa mimi, kwa sababu wa pili anatosha na kujificha kunalipa. Filip Flisar, yule Mslovenia mwenye sharubu zilizopinda, bingwa wa dunia Kreischberg 2015, mwangalieni video zake. Haoni aibu kukaa nyuma.

#22 Mpiga Mteremko

Nakubali nusu. Kwenye njia fupi nyembamba nabaki na langu. Kwenye njia yenye kipande kirefu cha mwisho, chukua.

#23 Kifaru_79

La mwisho kwangu: wakifika pamoja wanaangalia nini? Kifua kama riadha?

#24 Sauti ya Kipenga

Hapana. Sehemu ya kwanza ya mwili au kifaa itakayogusa mstari. Ncha ya skii inahesabika, mkono unahesabika. Ndiyo maana mita mbili za mwisho unaona mtu anarusha mguu mmoja mbele na kujiachia nyuma kama anayekaa kwenye kiti ambacho hakipo. Skii ikitangulia kwa sentimita 30 imetosha. Ukirusha mapema mno mguu unarudi kabla ya mstari na umepoteza mizani.

Kuanguka hakukuondoi, mradi umepita milango yote (nguzo za kuonyesha njia) na umevuka mstari. Robo fainali Sochi 2014 watu watatu walivuka mstari wakiwa chini, wanaserereka, skii juu. Wakasubiri picha. Mrusi Egor Korotkov akapita.

#25 mgeni_njiani

Kwa hiyo mtu akiona anaanguka mita tano kabla ya mwisho anyooshe mkono?

#26 Sauti ya Kipenga

Anyooshe mkono, na fimbo asiitupe.